Mistatili ya Jangwani na Swali la Umri



Katika Sura Taha kuna swali ambalo wengi wetu tunalipita haraka tunaposoma kisa cha Nabii Musa (A.S.). Firauni, baada ya kuelezwa habari za Mola Mlezi, aliuliza: basi vipi kuhusu vizazi vya kwanza, vilivyopita zamani? Nabii Musa hakuanza kuvihukumu vizazi hivyo. Hakusema wameangamia wote, wala hakusema wameokoka wote. Alijibu kwa maana hii, kwamba elimu yao iko kwa Mola wake, imeandikwa, na Mola hakosei wala hasahau.

Jibu hilo linaweza kusomwa kwa njia mbili. Mmoja atasema: kama elimu yao iko kwa Allah, sisi tuna haja gani ya kuwatafuta? Tushughulike na Swala zetu na mitihani yetu. Mwingine atasema: kama Allah hakuwasahau, si adabu sisi kuwafanya kana kwamba hawakuwahi kuishi. Makala hii inauliza ni njia ipi iliyo karibu zaidi na haki. Ili tusizungumze hewani, tutatazama maisha ya kazi ya mtu mmoja, David Kennedy, mwanaakiolojia wa Chuo Kikuu cha Western Australia. Kwa karibu miaka 40 mtu huyu amewatafuta, kwa picha za angani na ramani, watu ambao hawakuacha hata jina moja.

Swali lenyewe linatugusa. Miongoni mwetu wapo ndugu na dada wanaosoma jiografia, upimaji wa ardhi, historia na kompyuta. Wakirudi nyumbani likizo wanaulizwa: masomo hayo yatakufaa nini, hapa duniani na kesho akhera? Anayeuliza hana kosa. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba Siku ya Kiyama mja ataulizwa, miongoni mwa mambo mengine, umri wake aliumaliza katika nini na elimu yake aliifanyia nini. Tena alikuwa akiomba kinga kwa Allah dhidi ya elimu isiyonufaisha. Basi, mtu anayemaliza umri wake juu ya mawe ya watu waliokufa miaka 7,000 iliyopita atajibu nini?

Kazi yenyewe ilivyokuwa

Kennedy alianza kama msomi wa jeshi la Warumi katika Mashariki ya Kati. Alitafuta ngome na barabara. Katika kutafuta huko akakutana na picha za zamani zilizopigwa kutoka ndegeni, zikiwemo za upimaji wa Jordan wa mwaka 1953, akaona kwamba jangwani mna mambo mengi kuliko ngome za Warumi. Mwaka 1978 akaanzisha hifadhi ya picha za angani za eneo hilo. Lakini kuruka yeye mwenyewe na kamera juu ya Jordan hakukuwezekana hadi mwaka 1997, alipopata msaada wa Mwanamfalme Hassan bin Talal na helikopta za jeshi la anga la nchi hiyo. Hesabu mwenyewe: ni miaka 19 ya kukaa na picha za watu wengine kabla ya kupiga zake.

Hakuwa wa kwanza kuona. Katika miaka ya 1920 marubani wa Kiingereza waliokuwa wakipeleka barua kati ya Cairo na Baghdad waliona chini yao, juu ya mawe meusi ya volkano, kuta ndefu zilizochorwa kama michoro. Mmoja wao, Percy Maitland, aliandika habari hizo mwaka 1927. Mabedui walipoulizwa ni nini, walisema ni kazi za wazee wa kale. Kwa anayetembea kwa miguu, ukuta wa mawe usiofika hata kiunoni si kitu cha kumsimamisha. Kwa aliye juu, umbo linajitokeza: kuta mbili ndefu zinakaribiana mpaka zinaingia kwenye ua, kama tiara ya watoto na mkia wake. Hadi leo tiara hizo za mawe zimehesabiwa zaidi ya 6,000, kutoka Uarabuni hadi Asia ya Kati, na watafiti wengi wanakubaliana kwamba zilikuwa mitego ya kuwindia swala na wanyama wengine wa porini.

Upande wa Saudi Arabia, Kennedy hakuwa na njia ya kuruka. Njia ilifunguka pale picha za setilaiti zilipowekwa wazi kwa kila mwenye kompyuta kupitia Google Earth. Mwaka 2011, yeye na mwenzake walichapisha matokeo ya kukagua kwa picha hizo eneo la kilomita za mraba 1,240 karibu na Jeddah. Walihesabu sehemu 1,977 zinazoelekea kuwa za kale, na kati yake 1,082 zilikuwa na umbo la makaburi ya mawe yenye mkia. Kennedy hakuwa amekanyaga hata moja. Alimwomba rafiki aliyekuwa Saudia aendeshe gari mpaka kwenye sehemu mbili, azipige picha akiwa amesimama chini, ili ahakikishe kwamba kilichoonekana kutoka juu kipo kweli.

Kisha kuna daktari wa mishipa ya fahamu wa Saudia, Dkt. Abdullah Al-Saeed, ambaye kwa mapenzi yake tu alikuwa akizunguka jangwani na wenzake kutafuta mambo ya kale. Mwaka 2004 alipita katika uwanja wa volkano wa Harrat Khaybar, akaona mawe yaliyopangwa, hakuyatilia maanani. Mwaka 2008 akaliona eneo lile lile kwenye picha za setilaiti, akashangaa mno, akarudi kulitazama upya kwa miguu. Akamwandikia Kennedy. Kutokana na mawasiliano hayo na uchunguzi uliofuata, mwaka 2017 Kennedy alichapisha habari za majengo karibu 400 ya aina ambayo wasomi hawakuwa wameiandika: kuta mbili nene fupi zilizounganishwa na kuta ndefu nyembamba. Dogo kabisa lilikuwa na urefu wa mita 13, na refu kuliko yote mita 518. Mwaka huo huo alialikwa Saudia, akarushwa kwa helikopta juu ya AlUla na Khaybar, akayaona kwa macho yake.

Umbo si hukumu

Hapa ndipo pana somo ninalotaka tulishike. Kennedy aliyaita majengo yale “milango”, kwa sababu kutoka juu yalifanana na lango la uzio wa shamba lililolazwa chini. Lakini alieleza kwamba jina hilo ni la umbo tu, si la matumizi. Watafiti waliofuata, Hugh Thomas na Melissa Kennedy wa chuo kile kile, wakatumia neno la Kiarabu mustatil. Neno hilo si geni kwa Mswahili: ndilo mstatili wa vitabu vyetu vya hisabati, umbo lenye pande nne, mbili ndefu na mbili fupi. Halikusema hekalu, halikusema boma, halikusema kaburi. Lilisema kile ambacho jicho limeona, likaishia hapo.

Ndipo wakashuka chini na kuchimba. Mwaka 2021 walitangaza kwamba mistatili iliyohesabiwa kaskazini magharibi ya Uarabuni inazidi 1,000, na kwamba umri wake ni kama miaka 7,000, zama za mawe, maelfu ya miaka kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (A.S.). Ndani ya chumba kidogo kwenye kichwa cha mstatili mmoja walikuta pembe na mafuvu ya ng'ombe, mbuzi na swala, yamewekwa mbele ya jiwe lililosimamishwa. Sasa walikuwa na haki ya kusema kwamba panaelekea kuwa mahali pa kutolea sadaka au kafara. Hata hivyo, makala yao ya mwaka 2023 ilipogusia kwamba huenda watu walisafiri kwenda mahali pale na kurudi, neno lenye maana ya hija waliliwekea alama za kunukuu. Waliona kwamba neno hilo ni zito, na ushahidi wao hauwezi kulibeba lote.

Ndugu yangu, hii ndiyo adabu ya shahidi. Katika sheria yetu mtu haruhusiwi kushuhudia asichokiona, na anayeshuhudia hasemi zaidi ya alichoona. Qur'ani inatukataza kufuata tusilo na elimu nalo, na inatukumbusha kwamba masikio, macho na moyo vyote vitaulizwa. Wanazuoni wa Hadithi walijenga elimu nzima juu ya swali moja: umeyapata kwa nani? Imam Malik anasifika kwa kujibu “sijui” mbele ya watu waliosafiri masafa marefu kuja kumuuliza. Mwanaakiolojia mwaminifu, awe Muislamu au asiwe, anafundishwa na kazi yake tabia hiyo hiyo. Ramani yake ina sehemu zilizojazwa na sehemu zilizoachwa wazi, na zile zilizoachwa wazi zinasema ukweli kama zile zilizojazwa.

Wala hatuigi wageni tukisema haya. Abu Rayhan al-Biruni, aliyefariki katika karne ya 11, alikuwa mpimaji wa ardhi kabla wengi hawajajua upimaji ni nini. Alikokotoa mahali pa miji kwa hesabu za nyota na pembe, na mojawapo ya makusudio yake ilikuwa kuupata mwelekeo sahihi wa Kibla cha mji wa Ghazna. Mtu huyo huyo aliingia India, akajifunza Kisanskriti, akaandika kitabu kikubwa juu ya imani na desturi za Wahindu. Alijiwekea sharti la kusimulia maneno yao kama wanavyoyasema wao, bila kuyageuza ili ayashinde kwa urahisi. Hakuiacha Tawhidi yake hata kidogo. Alijua tu kwamba anayemsingizia mpinzani wake ameshindwa kabla ya mjadala kuanza. Kupima ardhi kwa uaminifu na kusimulia habari za watu kwa uaminifu, kwake yeye, vilikuwa tabia moja.

Je, si kuchungulia?

Kuna pingamizi ambazo haifai kuzikwepa. Ya kwanza ni hii: je, kumtazama mtu kutoka mbinguni bila idhini yake si ule upelelezi tuliokatazwa? Mtume (S.A.W.) alikemea vikali kuchungulia katika nyumba za watu. Na chombo chenyewe kina asili ya upelelezi. Kabla ya Google Earth, picha za setilaiti walizozitumia wanaakiolojia wengi zilitoka kwenye mradi wa kijasusi wa Marekani ulioitwa Corona, uliopiga picha za nchi za watu tangu mwaka 1960 hadi 1972. Zaidi ya picha 800,000 zilifunguliwa kwa umma mwaka 1995. Kilichotengenezwa kutafuta makombora kikatumika kutafuta vijiji vya kale.

Nasema kisu hakihukumiwi kwa aliyekifua bali kwa kinachokatwa nacho. Aliyekatazwa kuchunguliwa ni mtu hai mwenye siri na heshima, na asiye na njia ya kujitetea akifichuliwa. Kuta za mawe zilizo wazi jangwani si chumba cha kulala cha mtu. Lakini pingamizi hii inabaki na nguvu upande mmoja: mwenye nchi. Mtu aliyekaa Perth akihesabu makaburi ya Uarabuni bila kumuuliza Mwarabu hata mmoja angekuwa na picha nyingi na adabu kidogo. Kazi ya Kennedy ilikamilika aliposhirikiana na Al-Saeed, aliyekuwa na miguu juu ya ardhi ile na lugha ya wenyeji. Na tusisahau kwamba Mabedui walikwisha kusema tangu miaka ya 1920 kwamba kazi zile ni za wazee wa kale. Setilaiti haikugundua kwamba zipo. Wenyeji walilijua hilo siku zote. Setilaiti ilionyesha umbo lake na wingi wake. Anayeona kutoka juu anamhitaji aliyesimama chini, na aliyesimama chini anamhitaji anayeona kutoka juu. Hakuna kati yao aliye mmiliki wa ukweli peke yake.

Wafu na mahali pa kafara

Pingamizi ya pili ni nzito zaidi. Watu wale hawakuwa Waislamu kwa jina tunalolijua. Walitoa kafara mbele ya jiwe. Je, kuwashughulikia si kuyakuza mambo ya jahiliyya? Na kuchimba si kuwasumbua wafu?

Tukumbuke safari ya Tabuk, mwaka wa 9 Hijria. Mtume (S.A.W.) alipita na jeshi lake Al-Hijr, nchi ya Thamud, ambayo iko katika eneo hilo hilo la AlUla. Aliwaambia Masahaba wasiingie makazi ya waliojidhulumu nafsi zao isipokuwa wakiwa wanalia. Yeye mwenyewe akafunika kichwa, akaharakisha mwendo. Aliwakataza hata maji ya visima vyao, isipokuwa kisima alichokuwa akinywea ngamia. Hapo pana adabu kali, na si jambo dogo kwamba leo AlUla inatangazwa kwa watalii wa dunia nzima. Muislamu akienda, asiende kama anayekwenda kustarehe. Lakini tazama pia kisichosemwa. Waliojenga mistatili si Thamud tuliosimuliwa. Walitangulia kwa maelfu ya miaka mahekalu na makaburi yaliyochongwa miambani tunayoyaona leo Al-Hijr, ambayo wanahistoria wanayahesabu kuwa ya Wanabatea. Hatuna habari kutoka kwa Allah wala kwa Mtume wake kwamba watu wa mistatili waliadhibiwa. Kuwatia katika hukumu ya Thamud ni kushuhudia tusichokiona.

Tena Qur'ani imetufahamisha mambo mawili yanayopaswa kutuzuia ulimi: kwamba wapo Mitume ambao hatukusimuliwa habari zao, na kwamba Allah haadhibu mpaka apeleke Mtume. Nani kati yetu anajua kama mtu fulani katika bonde lile hakuwahi kumwita Mola Mmoja? Nani anajua pembe zile ziliwekwa kwa nia gani na kila aliyeziweka? Mwanaakiolojia anasema: nimeona pembe mbele ya jiwe. Muumini anasema: kafara kwa asiyekuwa Allah ni batili, na hukumu ya watu wale iko kwa Mola wangu, imeandikwa. Kauli hizi hazigongani. Kilicho kibaya ni kuacha mojawapo: kuitetea imani ya jiwe kwa jina la utamaduni, au kuwatupa Motoni watu tusiowajua ili tuonekane wacha Mungu.

Kuhusu wafu, mambo yana pande mbili. Tunajua kwamba mahali ulipojengwa Msikiti wa Mtume Madina palikuwa na makaburi ya washirikina, yakafukuliwa kwa haja iliyokuwapo. Tunajua pia kwamba kuvunja mfupa wa maiti kumefananishwa na kuuvunja akiwa hai, na kwamba Mtume (S.A.W.) alisimama lilipopita jeneza la Myahudi, na alipoambiwa ni la Myahudi akauliza kama hiyo si nafsi. Katika mstatili mmoja mashariki ya AlUla wachimbaji walikuta mifupa ya mwanamume mtu mzima. Hiyo nayo ni nafsi. Hapa ndipo ninapoiona heri ya ramani. Picha ya setilaiti haimfukui mtu. Ukifungua kaburi umeliharibu, huwezi kulirudisha. Ukilitia kwenye ramani umelihifadhi na limebaki kama lilivyo. Katika kaskazini magharibi ya Uarabuni yamehesabiwa makaburi ya mawe karibu 18,000, mengi yamepangwa kandokando ya njia za kale ziendazo kwenye chemchemi, na yaliyochimbwa ni machache sana. Kuchimba kidogo na kupima sana ni njia iliyo karibu zaidi na heshima.

Jambo hili liko karibu na kwetu pia. Hapa Uganda, katika Wilaya ya Sembabule kando ya mto Katonga, kuna Bigo bya Mugenyi, mahandaki yaliyochimbwa na watu wa kale yenye urefu wa zaidi ya kilomita 10. Ukisimama ndani ya handaki unaona mtaro wenye nyasi. Ukilitazama kutoka juu unaona kazi ya watu wengi waliokuwa na mpango na uongozi. Masimulizi ya wenyeji yanawahusisha Bachwezi, na wapo wanaokwenda pale kwa ajili ya mizimu. Kwa sababu hiyo ndugu wengine hawataki hata kupasikia. Lakini tukiwaachia waganga peke yao mahali pale, nani atabaki kusema kwamba mahandaki yale yalichimbwa na mikono ya watu, wana wa Adam kama sisi, si na mizimu? Mpimaji Muislamu mwenye vifaa vyake atafanya zaidi kuiondoa hofu ya mizimu kuliko hotuba kumi.

Ramani ni amana

Pingamizi ya tatu ni ya vitendo. Ramani inayomwongoza mtafiti inamwongoza na mwizi. Sarah Parcak, mwanaakiolojia Mmarekani anayetumia setilaiti, amelipa jambo hili uzito. Mradi wake wa GlobalXplorer, uliozinduliwa mwaka 2017, uliwaalika watu wa kawaida kukagua picha za Peru, lakini vipande vya picha walivyoonyeshwa havikutaja viko wapi. Hiyo ni amana: si kila unachokijua unakitangaza.

Parcak na wenzake pia waliyakagua maeneo zaidi ya 1,000 ya kale ya Misri katika picha za mwaka 2002 hadi 2013, wakihesabu mashimo ya wezi. Ilikuwa rahisi kudhani kwamba wizi ule ulizaliwa na mapinduzi ya mwaka 2011. Picha zilionyesha kwamba mashimo yalikwisha kuanza kuongezeka mwaka 2009, wakati uchumi wa dunia umeanguka, kisha mwaka 2011 hali ikazidi kuwa mbaya. Kwa hiyo lawama haikuwa ya mapinduzi peke yake. Njaa na bei za vitu zilikuwa na sehemu yao. Ushahidi wa kweli ulipunguza dhana, na Qur'ani inatuambia kwamba baadhi ya dhana ni dhambi. Ukiuliza elimu hii inamnufaisha nani aliye hai, jibu mojawapo ni hilo.

Jibu la swali la umri

Turudi kwa mzazi anayeuliza nyumbani. Mzee wangu, nitamwambia, umri hauokolewi na jina la kozi. Daktari anaweza kuumaliza umri wake katika tamaa, na mpimaji wa mawe akaumaliza wake katika kweli. Elimu isiyonufaisha ni ile isiyomzuia mwenyewe kusema asilolijua, na isiyomfikisha kwa Muumba wake. Qur'ani imetuamuru zaidi ya mara moja tutembee katika ardhi tutazame mwisho wa waliotutangulia. Kutazama huko kunahitaji macho, na kila zama ina macho yake: zamani ngamia na kalamu, leo droni, setilaiti na programu za ramani.

Na jambo la mwisho la kututia unyenyekevu. Mwaka 2023 watafiti waliokuwa wakichunguza zile tiara za mawe walitangaza kwamba wamekuta, Jordan na Saudi Arabia, mawe yaliyochorwa michoro ya mitego hiyo. Wa Jordan una umri wa kama miaka 7,000 na wa Saudia kama miaka 8,000. Walipoilinganisha michoro hiyo na mitego iliyo jirani, kwa picha za setilaiti, wakaona kwamba imechorwa kwa vipimo vinavyolingana na mitego yenyewe. Mtego mzima hauwezi kuuona ukiwa umesimama chini. Mtu asiye na ndege, asiye na karatasi, asiye na maandishi, aliubeba akilini mwake na kuuchonga juu ya jiwe kwa uwiano sahihi. Wale tuliodhani tunawatazama kutoka juu walikwisha kupaona kutoka juu, kwa akili aliyowapa Yule aliyemfundisha Adam majina ya vitu vyote.

Basi wewe unayesoma upimaji, jiografia au kompyuta, usione haya. Jifunze kutumia zana hizo vizuri kuliko wengine. Pima kwa haki, kwani tumeamrishwa kutimiza vipimo. Ukiona umbo, sema umbo. Ukishuka ukagusa, sema ulichogusa. Usichapishe njia ya mwizi, usimdharau mwenyeji aliyejua kabla yako, na usitoe hukumu juu ya nafsi ambazo kitabu chao hakiko mikononi mwako. Tabia hiyo itakufaa pia utakapoletewa picha ya Muislamu mwenzako kwenye simu na kutakiwa useme yeye ni mtu wa namna gani. Picha itakupa umbo lake. Yaliyobaki yako kwa Mola ambaye hakosei wala hasahau.

Wallahu aalam.